Kaka anataka vitabu vya marehemu baba tugawane: shufwa kwao, witiri kwetu

Bi Somo, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 33, mzaliwa wa Ngamiani hapa Tanga, na kazi yangu ni ukutubi. Stashahada niliichukua Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, nikajiendeleza mpaka digrii, nikaajiriwa kwenye maktaba ya shule ya sekondari. Mwaka juzi nilipata ufadhili wa kwenda Brussels, Ubelgiji, kusoma shahada ya uzamili. Nimesharudi. Nakuandikia kwa sababu nyumba yetu inawaka, na kiberiti nilikiwasha mimi kwa mdomo wangu.

Baba yetu alikuwa mwalimu. Aliacha wake wawili, mama mkubwa yuko Makorora na mama yangu yuko Ngamiani, na watoto sita, watatu kwa kila mama. Mimi ndiye kitindamimba. Alifariki mwaka jana nikiwa bado kule. Nilipigiwa simu alfajiri, na alasiri yake akazikwa. Mazishi niliyaangalia kwenye simu, nimekaa kwenye ngazi za bweni, mtandao unakatikakatika. Niliona jeneza linatoka mlangoni, picha ikaganda hapohapo. Ilipofunguka, watu walikuwa wanatoka makaburini.

Kuhusu nyumba hatuna ugomvi, kila mama yumo mwake. Ugomvi ni vitabu. Viko chumba cha uani, Ngamiani. Nimevihesabu ni 743. Kila kimoja kimevishwa gamba la karatasi ya kaki, ndani baba kaandika jina lake kwa wino wa zambarau, tarehe aliyonunua na bei. Vingine ukivifungua unakuta risiti ya samaki au tikiti ya basi la Lushoto. Vipo vya Kiswahili, vya Kiingereza, vya Kiarabu, na vichache vya Kijerumani ambavyo sijui alivitoa wapi, maana Kijerumani hakukijua. Mama hununua kila mwezi vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu, na hapiti siku mbili hajafuta vumbi.

Kaka mkubwa, wa mama mkubwa, ana duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki. Yeye anasema nusu iende Makorora. Tulipokaa kikao baada ya hitima, nikaona niwape mfano wawe na haya. Nikawasimulia nilikotoka.

Brussels ni mji mkuu wenye lugha mbili kisheria, Kifaransa na Kiholanzi. Kibao cha mtaa kinaandikwa mara mbili, kituo kimoja cha treni kina majina mawili, hata maktaba za umma za mitaani ziko kwenye mitandao miwili tofauti kwa lugha. Chuo kikuu chao kilichoanzishwa 1834 kilikuwa kimoja, cha Kifaransa. Polepole wakaingiza masomo kwa Kiholanzi, mpaka kufikia 1969 na 1970 kikapasuka vipande viwili: Université libre de Bruxelles na Vrije Universiteit Brussel. Majina yote mawili maana yake ni moja, Chuo Kikuu Huru cha Brussels, hivyo ukilitafsiri hajulikani mtu umesoma wapi. Mimi nilisoma kimojawapo, na mpaka leo kaka ananitania kwamba sijui hata chuo changu.

Kisa chenyewe lakini ni cha Leuven, mji ulio kama nusu saa kwa treni kutoka Brussels. Kuna chuo kikuu cha Wakatoliki cha tangu 1425. Maktaba yake ilichomwa na jeshi la Wajerumani Agosti 1914, vitabu takriban 300,000 vikateketea. Ikajengwa upya, ikaungua tena 1940. Ikajazwa tena. Kisha ugomvi wa lugha ukakitenganisha chuo, upande wa Kifaransa ukaenda kujengewa mji mpya, Louvain-la-Neuve, na maktaba ikagawanywa. Kwa sehemu kubwa kipimo kilikuwa namba ya kitabu kwenye rafu: namba witiri upande huu, namba shufwa upande ule. Walimu wetu walikuwa wakitusimulia huku wanatikisa vichwa.

Kaka akajipiga paja. “Alaa! Kumbe dawa ipo! Wazungu maprofesa wamegawana hivyo, sisi ni nani?” Kesho yake kaja na makapeni, kaanza kuandika namba migongoni. Mama alipomwita kwenye chai alikuwa amefika 61.

Bi Somo, huyu mtu hasomi. Nina ushahidi. Baba alikuwa na daftari la kukopesha vitabu, ukichukua unaandikwa. Jina la kaka limo mara moja tu, mwaka 1987, kitabu cha jiografia, na mbele yake baba kaandika “hajarudisha”. Leo ndiye anayetaka mamia!

Sasa juu ya hayo, profesa wangu wa Brussels kaniandikia. Kuna nafasi ya uzamivu, miaka minne, kuanzia Septemba, na posho ipo. Utafiti ninaoutaka ni huu: mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza masomo yakageuka Kiingereza, ukimwacha peke yake maktabani anachukua kitabu cha lugha gani? Nikienda, naona nitakuta chumba kitupu. Nikibaki, najua nafasi hairudi. Mara moja nilikwenda na nikakosa kumzika baba. Je, mara ya pili niende nikose hata vitabu vyake?

Nilikopapenda kuliko kote Brussels ni maktaba ya taifa, karibu na stesheni kuu. Jina lake ni herufi tatu, KBR, zimechanganywa kutoka majina ya lugha zote mbili. Hiyo hawakuigawa. Kitabu hakitoki nje, unasoma humohumo unaondoka. Nilikuwa nikikaa pale namuwaza baba. Nishauri.

Kitindamimba, Ngamiani, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza pokea pole zangu. Najua za mwanzo zilikukuta ngazini huna wa kukushika bega, basi hizi zichukue ukiwa umekaa kwenu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka, na usinichukie, maana picha ya kaka yako na makapeni na chai inapoa sikuweza kujizuia. Ya pili sikucheka. Ya tatu nilibaki kwenye lile daftari.

Kama nimekuelewa, una maswali mawili uliyoyafunga kamba moja. La kwanza ni vitabu 743 vikae wapi, na kwa nani. La pili ni Septemba. Umeyafunga pamoja kwa sababu unaona mlinzi ni wewe, na mlinzi akisafiri nyumba inaibiwa. Naomba tuilegeze kamba hiyo kidogo, tusiikate. Mwaka mzima uliokuwa Brussels, chumba kile alikuwa analala nani mlangoni? Umeniandikia mwenyewe kwamba mama yako hapiti siku mbili hajafuta vumbi na vidonge ananunua kila mwezi. Umerudi umevikuta vyote, na kwa hali ya hewa yetu hii, chumvi ya bahari na mchwa wa uani, hilo si jambo dogo hata kidogo. Sasa katika barua yako yote mama hajaulizwa anataka nini. Wala mama mkubwa hajaulizwa. Wamo kama wapika chai.

Nirudi kwenye daftari. Wewe umelileta kama ushahidi wa mashtaka. Mimi nililisoma kama mama mtu mzima, nikaona jambo jingine. Mwaka 1987 kaka yako alikuwa mtoto, sivyo? Mtoto huyo alitoka Makorora, akaja nyumba ya mama mdogo, akataka kitabu cha baba yake mzazi, akaandikwa kwenye daftari kama mpita njia. Tafadhali fanya jambo moja kabla hujalala leo. Lifungue daftari lile, uanze ukurasa wa kwanza, utafute jina lako. Nadhani hulioni. Wewe ulizaliwa humo. Ulichukua kitabu ukakisoma kitandani ukakirudisha au hukukirudisha, na hakuna aliyeuliza. Simlaumu marehemu, Mungu amrehemu, huenda wote wa nje ya nyumba aliwaandika kwa utaratibu wake wa ualimu. Lakini mtoto haelewi utaratibu. Inawezekana kabisa kwamba kaka yako hataki kusoma hata kimoja, na bado ana sababu ya kudai. Inawezekana pia nimekosea, na anataka kuviuza kwa kilo. Wewe unamjua, mimi simjui. Ninachoona ni kwamba hujamuuliza. Ulimpa mfano wa kumtia haya, naye akaugeuza. Hata mimi ningeugeuza.

Hapo hapo nikukumbushe jambo la mirathi, maana naona pande zote mbili mmelipita. Mirathi yetu haigawi kwa nyumba. Mama zenu wawili wanashirikiana thumni, na ninyi sita mnagawana kinachobaki, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Kwa hiyo “nusu Makorora, nusu Ngamiani” haimo, sawa na vile “vyote vibaki kwetu” isivyokuwemo. Vitabu ni mali, vina thamani, vinahesabiwa. Kama hamjateua msimamizi wa mirathi kwenye mahakama ya mwanzo, hilo litangulie, na sheikh wenu wa mtaa aitwe akae na familia nzima. Sikuambii hivi ili ukamshinde kaka yako. Nakuambia kwa sababu mkijua kila mtu ana fungu lake, mazungumzo yanaacha kuwa ya nyumba mbili yanakuwa ya watu wanane.

Sasa njia zilizopo. Mnaweza wote kukubaliana mviweke wakfu, au mviombee nafasi maktaba ya mkoa, pale mjini, jengo lile la zamani lililopewa jina la Mfalme George wa Sita. Wewe mkutubi unajua kuliko mimi hatari yake. Maktaba ina haki ya kuchagua. Itachukua inavyovihitaji, vingine itavirudisha, na vinavyopokelewa vinaweza kutawanywa kwenye rafu za wengine, risiti za samaki zikaishia jalalani. Muulize mkuu wa maktaba, kwa maandishi, kama wanaweza kuviweka kabati moja lenye jina la baba, na wakikataa mjue mapema. Kaka yako naye anaweza kuona umekwepa kumpa kwa kuwapa serikali. Hilo nalo lipime.

Mnaweza kuviacha vilipo, kwa masharti ya ile maktaba uliyoipenda: kitabu hakitoki, anayetaka aje asome. Ni nzuri, na inamfaa baba. Lakini kwa kaka yako chumba ni kilekile cha 1987, bado anabisha hodi kwa mama mdogo. Labda kama angekuwa na ufunguo wake mfukoni, angejisikia vingine. Umesema jina la KBR limechanganywa lugha zote mbili. Mimi sijafika Ulaya, lakini hapo nilisimama kidogo. Kwenye mlango wa chumba chenu kumeandikwa nini?

Na mnaweza kugawana. Usishtuke. Najua mkutubi kugawa maktaba ni kama fundi cherehani kukata kanzu katikati. Ila nimejiuliza, ile maktaba ya Leuven iliungua mara mbili na watu wakaijaza tena, ikaja kugawanywa, na vyuo vyote viwili vipo hadi leo vinafundisha. Vya Brussels pia, ulivyotuambia vimepasuka, nimesoma kwamba wahandisi wao sasa wanafundisha shahada ya uzamili pamoja, kwa Kiingereza, lugha ambayo si ya upande wowote. Na maktaba za Ubelgiji zina katalogi moja ya pamoja, kitabu kiko kwa nani unakiona humo. Kwa nini wewe, uliyesomea kazi hiyo, hujaandika katalogi ya vitabu vya baba yako? Vyote 743: jina, lugha, tarehe ya wino wa zambarau, bei, kilichokutwa ndani. Nakala moja Ngamiani, moja Makorora, moja kwa msimamizi. Ukishakuwa na orodha hiyo, hata kikienda Makorora kitabu hakijapotea, kimehama rafu. Hatari yake ni kwamba orodha haizuii mchwa, na Makorora hakuna mama yako wa vidonge. Itabidi mtu wa huko akubali kazi hiyo kwa mkono wake.

Kama mtagawana, shufwa na witiri mimi siipendi, kwa sababu ndogo tu: juzuu la kwanza litakuwa Ngamiani na la pili Makorora. Lakini huenda kuna mtu ataona ndiyo raha yake, mtu akimaliza la kwanza lazima apande baiskeli akamsalimie ndugu yake. Haya, nimetoka nje ya mada.

Tuje Septemba. Unasema ulikwenda mara moja ukakosa kumzika baba. Mwanangu, hukukosa kwa kwenda. Sunna yetu ni kumwahisha maiti, hata aliyeko Mwanza siku ile angeweza kukosa. Ile picha iliyoganda mlangoni, nadhani ndiyo unayoilinda chumba cha uani. Umefika, umemkosa, umevikuta vitabu, umesema hivi angalau havitatoka mlango huo nikiwa hai. Nakuelewa. Makaburini umekwenda tangu urudi? Hukuandika. Kama bado, nenda na huyo kaka mwenye makapeni, yeye alikuwepo, akuonyeshe alisimama wapi.

Kuhusu nafasi yenyewe, nina maswali ya kumpelekea profesa kuliko majibu. Watoto unaotaka kuwachunguza wako hapa, kwenye madawati ya Tanga, hawako Brussels. Uzamivu wa namna ya sandwichi, miezi kadhaa huko na miezi kadhaa nyumbani, wengi wetu wameufanya. Muulize kama posho yako inaruhusu, na kama hairuhusu muulize unaweza kukaa nyumbani muda gani wa kukusanya data bila kukatwa. Muulize tarehe ya mwisho ya kujibu, maana hukunitajia, na mtu hufikiri vibaya akidhani ni kesho. Muulize mwajiri wako wa shule kuhusu likizo ya masomo, usije ukarudi na udaktari bila kazi. Ukienda, miaka minne ni mingi kwa mama aliye mjane, na simu haimpikii mtu uji. Ukibaki, uwe unabaki kwa jambo ambalo ukiwa na miaka 50 utaliona lilikuwa na uzito huo. Mimi siwezi kukupimia mzani huo. Nikikuambia nenda, nitakuwa nimekufukuza, nikikuambia kaa, nitakuwa nimekufunga.

Nilitaka pia kukuuliza kuhusu vile vitabu vya Kijerumani. Mwalimu asiyejua lugha, anavinunua, anavivika kaki, anaandika na bei. Tanga hii iliyopigwa vita na Wajerumani na Waingereza Novemba 1914, miezi miwili na siku kadhaa tu baada ya ile maktaba ya Leuven kuchomwa. Alikuwa akitafuta nini humo? Pengine kaka yako anajua. Yeye alimjua baba akiwa kijana, miaka mingi kabla yako, na hilo huwezi kulikuta kwenye rafu yoyote.

Basi anza na safari fupi. Panda bajaji uende Makorora, msalimie mama mkubwa, kaa kwenye jamvi mpaka chai iive. Kisha muulize kaka yako kile kitabu cha jiografia cha 1987 kiko wapi. Muulize kama mkutubi anayetafuta kitabu, usimuulize kama askari. Niandikie alichokujibu.